Sanduku la Mwalimu Nyangeta: Mkate wa dakika kumi na moja

Toleo lililopita nilitoa picha moja tu kutoka kwenye sanduku la marehemu baba, mama wa Kimarekani amesimama mbele ya jokofu lililojaa pomoni, nikasema anayetaka kuuliza chochote kuhusu Marekani ya miaka ile ya baada ya Vita Kuu ya Pili aniandikie. Kumbe nilikuwa nachokoza mzinga. Barua zimekuja, ujumbe wa simu umekuja, na jirani yangu hapa Nyamanoro ameniulizia dirishani nikiwa naanika mchele.

Kwa wageni wa ukurasa huu: baba alikuwa mpishi wa mapadri wa Kimarekani, Wamaryknoll, waliofika upande wa Musoma mwaka 1946. Magazeti yao yakishasomwa yalihamia kwetu, mengine yakafunika madaftari, mengine yakabandikwa ukutani kuzuia upepo wa ziwani. Yaliyosalia baba aliyatia kwenye sanduku la bati. Alipofariki kaka zangu waligawana ng'ombe, mimi nikapewa sanduku.

Nianze na kosa langu. Mwalimu mwenzangu mstaafu wa Sengerema ananikumbusha kwamba niliandika kima cha chini cha mshahara Marekani kilifika dola moja kwa saa mwaka 1955. Sheria ilitiwa saini Agosti 1955, lakini dola yenyewe ilianza kulipwa Machi 1, 1956. Ni kweli, na nimekubali. Ila mwenzangu, kuniandikia kwa kalamu nyekundu na kunipa saba juu ya kumi, hilo tutaliongea ukija mjini.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwanangu kanionyesha kwenye simu bei za Marekani mwaka 1950: mkate senti 14, petroli senti 27 kwa galoni. Anasema wale watu walikuwa wanaishi bure. Ni kweli au ni mambo ya mtandaoni?

Marahaba mwanangu. Bei ni za kweli. Mwaka 1950 mkate wa ratili moja, karibu nusu kilo, ulikuwa kama senti 14, maziwa kama senti 21 kwa kipimo chao kinachokaribia lita, mayai dazeni kama senti 60, stempu ya barua senti 3. Galoni yao ni lita tatu na pointi nane, na hiyo senti 27 ya petroli ni sahihi.

Lakini mwanao kakuonyesha sahani, hajakuonyesha aliyepika. Baba yangu Kiingereza alikijua cha jikoni tu, na hata hivyo alikuwa na swali moja alilowachosha nalo mapadri. Akiona picha ya kitu gazetini hakuuliza bei. Aliuliza, "Mtu anafanya kazi muda gani apate hiki?" Padri mmoja kijana, kwa mujibu wa baba, alikuwa anatoa penseli na kumpigia hesabu pembeni mwa ukurasa. Kurasa hizo ninazo. Basi tupige kwa mtindo wao.

Kuanzia Januari 1950 kima cha chini kilikuwa senti 75 kwa saa. Mkate wa senti 14 ni dakika kumi na moja za kazi. Maziwa dakika kumi na saba. Mayai dakika arobaini na nane, karibu saa nzima, hivyo usidhani kila mtu alikuwa anakaanga kila asubuhi kama kwenye picha. Galoni ya petroli dakika ishirini na mbili. Sasa nenda kwenye televisheni: uliipata kwa dola 200 na kuendelea, na kwa mtu wa kima cha chini hiyo ni zaidi ya wiki sita za kazi bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Chakula kilikuwa karibu, mashine zilikuwa mbali. Sisi siku hizi tumegeuza: kijana hapo Mwaloni ana simu kubwa mkononi, lakini akifika kwenye mafuta ya kula anauliza kama yanapimwa.

Wewe mwenyewe fanya jaribio. Muulize kijana anayekubebea magunia ya dagaa: ujira wake wa kutwa unanunua mikate mingapi? Gawanya kwa saa alizobeba. Ukipata jibu, mrudishie mwanao simu yake.

Kuna hesabu moja zaidi pembeni mwa ukurasa wa jokofu, na hii aliipiga baba mwenyewe. Septemba 1949 Waingereza waliishusha pauni yao kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Shilingi yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa kwenye pauni, ishirini kwa moja, kama mbuzi kwenye kigingi. Dola iliyokuwa shilingi tano kasoro kidogo ikaamkia shilingi saba na senti 14, na hakuna mtu wa Musoma aliyeulizwa. Baba alikuwa anapata shilingi 45 kwa mwezi. Hizo ni dola sita na senti thelathini. Mfanyakazi wa kiwandani wa Marekani, yule wa chini kabisa, alizipata kwa saa nane na nusu. Mwezi wa baba ulikuwa siku moja ya mwenzake. Mama alisimulia kwamba baba alikwenda kuiandika hesabu hiyo kwa mkaa kwenye mlango wa jiko la misheni, ikakaa siku nzima, kesho yake akaipaka chokaa kwa mkono wake.

Alichokuwa hajui, nami nilikuja kukisoma ukubwani, ni kwamba zile senti 75 hazikuwa za kila Mmarekani. Sheria yao ya mwaka 1938 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani. Wa mashambani waliingizwa mwaka 1966, wa majumbani mwaka 1974. Kwa hiyo hata angezaliwa huko unakotamani wewe, mpishi wa nyumbani asingeziona.

*

Mwalimu, mimi ni wa Bukoba. Kuna mzee hapa anabisha kwamba Wamarekani walioshinda vita nao walipanga foleni za nyama. Mimi nasema haiwezekani. Tumewekeana soda.

Lipa soda.

Vita ilipokwisha 1945 watu walikuwa na akiba ya miaka minne ya mishahara na dukani hakuna cha kununua, maana viwanda vilikuwa bado vinatoka kwenye vifaru na ndege. Serikali ilikuwa na ofisi ya kudhibiti bei. Mwisho wa Juni 1946 udhibiti ule ulikatika, bei ya nyama ikaruka. Mwezi uliofuata ukarudishwa, na wafugaji nao wakaamua kuwaacha ng'ombe malishoni mpaka bei ipande. Buchani pakawa peupe. Oktoba Rais Truman akasalimu amri na kuifungulia nyama, na Novemba chama chake kikapigwa kwenye uchaguzi wa bunge. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 14. Sukari ilikuwa kwa mgao mpaka katikati ya 1947, miaka miwili baada ya ushindi.

Na soksi! Nailoni ya soksi za akina mama ilikuwa imepelekwa kwenye miavuli ya kurukia askari. Iliporudi madukani, huko Pittsburgh mwezi Juni 1946 watu 40,000 walipanga foleni kugombea jozi 13,000. Wakang'oana nywele.

Sisi wa Mwanza tusiwacheke. Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin ilikuja kulipua matangi ya mafuta ya mji wetu, ikakosea, mabomu yakaua wanyama kisiwani Saanane. Tulishinda vita ile. Kisha tukakaa miaka tukipanga mawe mbele ya duka la ushirika kushika nafasi, sabuni mche mmoja kwa kaya, na mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, watu wakatupa khanga mpya ziwani usiku. Jiwe langu lilikuwa na alama ya rangi ya bluu. Kuna mama alilihamisha mara mbili, namjua, na anausoma ukurasa huu.

*

Mimi ni mwanafunzi, nakaa Nyegezi. Nimesoma kwamba askari wa Marekani waliorudi vitani walipewa nyumba na kusomeshwa. Mbona babu zetu wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliopigana Burma hawakupata kitu? Na nyumba hizo walipewa bure?

Mjukuu wangu, umeniuliza maswali mawili na la pili ndilo jepesi, nianze nalo.

Hawakupewa bure. Juni 22, 1944, vita ikiwa bado inaunguruma, Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kuwahudumia askari watakaorudi. Ilikuwa na ada ya chuo, posho ya kujikimu wakati wa masomo, na dhamana ya serikali kwenye mkopo wa nyumba. Karibu askari milioni nane waliitumia kusoma au kujifunza ufundi. Ile dhamana ya nyumba ndiyo iliyobadilisha sura ya nchi, kwa sababu benki ilipunguziwa hofu. Riba ilikuwa asilimia 4 kwa mwaka. Narudia, kwa mwaka. Nawaona akina mama wa vikundi vyetu, waliozoea mikopo kausha damu ya marejesho kila Jumatatu, wanasoma mstari huu mara mbili.

Kampuni ya Levitt ikaona fursa. Mwaka 1947 ilianza kujenga kwenye mashamba ya viazi huko Long Island, nje kidogo ya New York, mji ukaitwa Levittown. Nyumba zote karibu sawasawa, juu ya sakafu ya zege bila chumba cha chini, mbao zikija zimeshakatwa. Kazi iligawanywa kama kiwandani, ila kiwandani gari linasogea na fundi amesimama. Hapa nyumba imesimama na mafundi ndio wanaosogea. Huyu anapigilia sakafu tu, anahamia ya jirani. Yule anapaka rangi nyeupe tu, nyuma yake anakuja wa rangi nyekundu. Walifikia kukamilisha nyumba thelathini kwa siku. Mpaka 1951 zilikuwa zaidi ya 17,000. Mwaka 1949 iliuzwa kwa dola 7,990, na askari aliyerudi vitani alilipa kama dola 60 kwa mwezi. Mshahara wa wiki wa mfanyakazi wa kiwandani ulikuwa karibu hapohapo, dola 58 kwa wastani mwaka 1950. Wiki moja ya kazi, mwezi mmoja wa nyumba. Toleo la mwaka 1950 lilikuja hadi na televisheni imejengewa ukutani, yaani unahamia na kochi lako tu.

Mimi nimejenga vyumba vitatu na ukumbi kwa mshahara wa ualimu, tofali kwa tofali, miaka kumi na minne, na bati la mwisho lilipigiliwa mvua ya vuli imeshaanza. Nikisoma habari za Levittown nakuwa na wivu, sifichi.

Wivu wangu unapungua nikifika kwenye mkataba. Kwenye mikataba ya mwanzo kulikuwa na kifungu kwamba nyumba isitumiwe wala kukaliwa na mtu yeyote asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Umekisoma vizuri? Baba yangu angeweza kulala Levittown, mradi alale akiwa mpishi. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mahakama zisitumike kutekeleza vifungu vya namna hiyo, lakini kampuni iliendelea kukataa kuwauzia Weusi. Agosti 1957 familia ya William na Daisy Myers, yeye bwana askari aliyepigana vita, ilihamia Levittown nyingine iliyokuwa Pennsylvania kwa kununua nyumba kwa mwenyewe badala ya kampuni. Mamia ya majirani walikusanyika nje, wakarusha mawe, wakavunja dirisha. Wale walibaki.

Na dhamana ya mkopo? Sheria haikutaja rangi popote, lakini anayetoa mkopo ni benki ya pale mjini kwako. Mwaka 1947 ulifanywa uchunguzi kwenye miji 13 ya Mississippi: mikopo 3,229 iliyodhaminiwa na serikali kwa askari waliorudi, iliyokwenda kwa Weusi ilikuwa miwili. Si miwili kwa mia. Miwili.

Sasa babu zetu wa KAR. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alirudi na koti zito la jeshi, cheti, maneno ya Kihindi ya matusi, na fedha za kuagwa zilizotosha baiskeli. Tofauti ni hii: askari wa Marekani, yule Mzungu, alirudi nchini kwake akiwa mpiga kura, na wanasiasa walikumbuka kwamba wale wa vita ya kwanza walikwenda kuweka kambi Washington mwaka 1932 kudai malipo yao mpaka jeshi likawatimua. Walimwogopa. Baba mdogo alirudi kuwa raia wa mtu mwingine. Nani angemwogopa? Baiskeli ile aliipanda mpaka mwaka tulipopata uhuru, na koti, familia ilimzika nalo.

*

Dada mmoja wa Nyakato anauliza zile ringi za plastiki za kuzungusha kiunoni zilitoka wapi.

Kampuni ya Wham-O, California, mwaka 1958, dola 1.98. Ziliuzwa milioni 25 kwa miezi michache, kisha watoto wakazichoka zote kwa pamoja. Sisi tulisukuma ringi ya baiskeli kwa kijiti, na kiuno tulikiacha kwa ngoma.

*

Bibi mwenzangu wa Nansio, Ukerewe, anaandika: Mjukuu wangu anasema Marekani ya zamani kila nyumba ilikuwa na televisheni, na kwamba watu walikuwa wanaiamini kuliko kanisa. Wewe una magazeti, tusaidie.

Kila nyumba, hapana. Mwaka 1950 ilikuwa nyumba tisa katika mia. Mwaka 1960 zikawa themanini na saba katika mia. Miaka kumi tu! Huku kwetu Zanzibar walitangulia miaka ya sabini, na Bara tulisubiri mpaka 1994, kwa hiyo wewe na mimi bibi mwenzangu tumeishi zaidi ya nusu ya umri wetu tukitazamana sisi kwa sisi.

Kuhusu kanisa sijui, ila nikusimulie habari moja ambayo padri mmoja aliifurahia mpaka akamtafsiria baba. Kulikuwa na mchekeshaji, Lucille Ball, na mumewe Desi Arnaz, Mkuba mwenye lafudhi. Kwenye kipindi walikuwa mke na mume na nyumbani pia mke na mume. Mwaka 1952 Lucy akapata ujauzito wa kweli. Wenye kituo wakahaha: mwanamke mwenye tumbo aonekane kwenye televisheni? Mwisho wakakubali, kwa sharti kwamba neno lenyewe lisitamkwe. Wakatumia neno la kuzunguka, lenye maana kwamba "anatarajia." Baba alicheka sana, akasema kumbe Wamarekani nao wana adabu ya kusema "mjamzito" badala ya lile neno jingine, au kama wazee wetu wanavyosema "si mtu mmoja huyu."

Januari 19, 1953 Lucy alijifungua kwenye kipindi, na siku hiyohiyo hospitali alijifungua mtoto wa kweli kwa upasuaji. Watazamaji milioni 44. Kesho yake Jenerali Eisenhower aliapishwa kuwa rais wa nchi, akatazamwa na milioni 29. Mpe mjukuu wako hesabu hiyo aitoe mwenyewe.

*

Mimi ni fundi pikipiki, Igoma. Nimesikia Coca-Cola iliuzwa senti tano kwa miaka sabini bila kupanda. Hapa soda inapanda nikigeuka. Walikuwa na dawa gani?

Dawa ilikuwa mtego waliojitega wenyewe. Ni kweli, tangu 1886 mpaka miaka ya hamsini glasi moja, na baadaye chupa ndogo, ilikuwa senti tano, kupitia vita mbili na mdororo mkubwa wa uchumi. Mwaka 1899 mwenye kampuni aliwauzia mawakili wawili wa Chattanooga haki ya kuitia soda kwenye chupa, kwa dola moja, na inasemekana hiyo dola hakuidai. Mkataba uliweka bei ya sharubati isiyobadilika na haukuwa na tarehe ya mwisho. Yeye aliamini watu watakunywa kwenye glasi dukani milele, chupa hazina maana. Ndipo kampuni ikajaza nchi matangazo ya "senti tano" ili wenye chupa wasipandishe bei wakanenepa wao.

Mkataba ulipokuja kurekebishwa, tatizo likawa mashine. Mamia ya maelfu ya mashine za kuuzia zilipokea sarafu moja tu, ya senti tano. Ukipandisha, inayofuata ni ya senti kumi, maana yake bei imejirudia mara mbili kwa usiku mmoja. Mwaka 1953 mkubwa wa kampuni, Robert Woodruff, aliyekuwa rafiki wa Eisenhower, akamwandikia rais kuomba serikali itengeneze sarafu ya senti saba na nusu. Hazina wakakataa. Waliwahi pia kufikiria chupa moja katika kila tisa iwe tupu: unatumbukiza senti tano, ukiwa mtu wa tisa unatokewa na chupa kavu, unatumbukiza nyingine. Hapo Igoma mashine hiyo isingemaliza Jumamosi.

Senti tano ziliisha kabisa mwaka 1959. Kwa kipimo cha baba, soda ya mwaka 1950 ilikuwa dakika nne za kazi.

*

Mwangaluka Mwalimu. Mimi ni mkulima wa pamba, Kwimba, ekari mbili na nusu. Nasikia Marekani pamba inachumwa kwa mashine tangu zamani. Zilianza lini, na zamani ile nani alikuwa anachuma kwa mkono? Na je, mashine hizo zitatufikia?

Mwangaluka baba. Hili nimelipenda, maana pamba ni ya kwetu wote. Hata kitambaa cheupe bibi zetu walikiita amerikani kwa kuwa meli za huko ndizo zilizokileta pwani.

Waliochuma kwa mkono walikuwa Weusi wa kusini, wajukuu wa watumwa, wengi wakiwa wapangaji kwenye shamba la tajiri. Miaka ya hamsini huko Mississippi ratili mia zililipwa dola mbili au tatu, na mtu hodari alichuma ratili mia mbili kutwa, mgongo ukiwa umeinama toka umande mpaka giza. Kumbuka nilichomwambia mama wa dagaa: sheria ya kima cha chini haikuwagusa hawa.

Oktoba 2, 1944, kwenye shamba la Hopson karibu na mji wa Clarksdale, watu walikusanyika kutazama mashine nane nyekundu zikiingia shambani. Mtu alichuma ratili 20 kwa saa. Mashine ilichuma 1,000. Mwenye shamba alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na akaandika kwamba robota moja, ambalo ni ratili 500, linamgharimu dola 39.41 kwa mikono na dola 5.26 kwa mashine. Ukiona tarakimu mbili kama hizo zimekaa pamoja kwenye daftari la tajiri, jua kuna watu watahama.

Wakahama. Kati ya 1940 na 1970 Weusi wapatao milioni tano waliondoka kusini kwenda miji ya kaskazini, wa Mississippi wengi kwa treni ya moja kwa moja mpaka Chicago. Wengine hawakuisubiri mashine. Jirani na hapo Clarksdale, kwenye shamba la Stovall, kulikuwa na dereva wa trekta anayepiga gitaa siku za mapumziko. Mwaka 1943 aliomba aongezwe ujira kutoka senti 22 na nusu kwa saa hadi senti 25. Msimamizi akamkatalia. Senti mbili na nusu! Akapanda treni. Chicago kulikuwa na kelele, gitaa la kawaida halisikiki kwenye baa, akanunua la umeme. Jina lake la jukwaani ni Muddy Waters, na vijana wa Uingereza waliokuja kutajirika kwa magitaa miaka ya sitini walijifunza kwake. Nimewahi kumpigia santuri yake mzee mmoja wa Kisukuma, mcheza bugobogobo wa zamani. Alisikiliza kimya, kisha akauliza huyu analalamikia shamba la nani.

Kuhusu mashine kukufikia Kwimba: ile inapenda shamba ambalo mwisho wake huuoni, mistari imenyooka, na majani yamepukutishwa kwa dawa kabla haijaingia. Kwenye ekari zako mbili na nusu, baba, ikishaingia haina pa kugeuzia. Itabidi itokee kwa jirani.